Neil Fachie

Neil Fachie (alizaliwa Aberdeen, 12 Machi 1984) ni mwendesha baiskeli kutoka Uskoti mwenye ulemavu wa kuona. Hushindana katika mbio za uwanjani kwa kutumia tandemu, yaani baiskeli ya watu wawili wanaokaa mmoja nyuma ya mwingine. Alishinda medali za dhahabu katika Michezo ya Paralimpiki ya London 2012 na Tokyo 2020, na medali za fedha London 2012, Rio de Janeiro 2016 na Paris 2024. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola amepata dhahabu tano.

Katika Paralimpiki Fachie huvaa jezi ya Britania, kwa sababu Uingereza, Uskoti, Welisi na Ireland ya Kaskazini hushiriki huko kama timu moja. Katika Jumuiya ya Madola kila mojawapo ya nchi hizo hushiriki peke yake. Ndiyo maana msomaji atakuta katika makala hii watu walioshirikiana mwaka mmoja wakipambana mwaka unaofuata. Mambo hayo hayana ugomvi ndani yake. Ndivyo michezo ilivyopangwa.

Hali ya macho

Fachie alizaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao retinitisi pigmentosa. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma ndani ya jicho, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa ishara zinazopelekwa kwenye ubongo. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, seli za retina hufa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mara nyingi zinazotangulia kufa ni zile zinazofanya kazi kwenye mwanga hafifu. Kwa hiyo dalili ya kwanza huwa ni mtoto kujikwaa magharibi wakati wenzake bado wanacheza bila shida. Baadaye eneo la kuona hupungua kutoka pembeni kuelekea katikati, mpaka mtu huona kama anayechungulia kupitia bomba. Anaweza kuusoma uso wa mtu aliye mbele yake lakini asione kiti kilicho karibu na goti lake. Kwa aina nyingi za ugonjwa huu bado hakuna tiba.

Kwa mwanamichezo hali hiyo ina uzito wa pekee. Uoni anaoanza nao mazoezi akiwa kijana si uoni atakaokuwa nao akifika miaka 35 au 40, na kila mzunguko wa miaka minne humkuta na macho tofauti.

Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Aberdeen. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwa na mwanafunzi mwenye uoni hafifu darasani anajua kazi iliyomo katika michoro, vipimo na maabara za somo hilo.

Kutoka riadha hadi baiskeli

Mchezo wake wa kwanza wa kimataifa ulikuwa riadha. Alikimbia mita 100 na mita 200 katika daraja la T13, ambalo ni la wakimbiaji wenye ulemavu wa kuona ulio mwepesi zaidi na wanaokimbia bila kushikana na kiongozi. Alishiriki Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008 na hakufika fainali.

Nchini Britania wanamichezo wa ngazi ya juu husaidiwa na ruzuku inayotokana kwa sehemu kubwa na bahati nasibu ya taifa, na ruzuku hiyo hupimwa kwa uwezekano wa kuleta medali. Baada ya Beijing, Fachie aliondolewa katika mpango huo. Alikuwa na umri wa miaka 24, amehitimu chuo, na mchezo alioupigania tangu ujana ulikuwa umemfungia mlango. Watu wengi katika hali hiyo hutafuta kazi na kuiweka jezi kabatini. Yeye alikwenda kuomba nafasi kwenye baiskeli.

Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Mkimbiaji wa mita 100 na mwendesha baiskeli wa mbio fupi wanahitaji kitu kimoja: misuli ya mapaja na makalio inayotoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Tofauti ni kwamba kwenye riadha macho yake hafifu yalikuwa mzigo wake mwenyewe, ilhali kwenye tandemu macho ni ya mtu wa mbele. Mwaka 2009, katika Mashindano ya Dunia ya baiskeli kwa wenye ulemavu yaliyofanyika Manchester, Fachie na rubani wake Barney Storey walitwaa ubingwa wa dunia katika mita 1000 na pia katika mbio za kasi. Tangu Beijing haukuwa umepita hata mwaka na nusu.

Jinsi tandemu inavyoendeshwa

Kumbeba mtu kwenye keria ni jambo jingine kabisa. Katika tandemu wote wawili wanakanyaga. Pedali za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa mnyororo, hivyo miguu ya watu wawili huzunguka kwa wakati mmoja watake wasitake. Mtu wa mbele huitwa rubani. Anaona kawaida, anashika usukani, anachagua mstari wa kupita na kuamua lini washambulie. Mwenye ulemavu wa kuona hukaa nyuma. Usukani wake haugeuki. Ni wa kujishikilia tu. Kazi yake ni kutoa nguvu zote alizonazo bila kuiyumbisha baiskeli, na kuhisi kupitia miguu na mikono yale ambayo rubani anayaona. Akiegemea upande usiofaa kwenye kona, rubani hulazimika kusahihisha, na kusahihisha kunapunguza kasi.

Waendeshaji wenye ulemavu wa kuona wote hushindana katika daraja moja, daraja B, awe hana uoni kabisa au awe na uoni kidogo. Rubani naye hupewa medali. Hilo ni haki, maana nusu ya nguvu ni yake. Marubani wengi ni watu waliowahi kushindana katika ngazi ya juu ya baiskeli ya kawaida.

Uwanja wenyewe huitwa velodromu. Ni wa ndani, sakafu yake ni ya mbao, mzunguko mmoja ni mita 250, na kona zake zimeinuka kama ukuta ulioegemezwa. Anayesimama chini ya kona kwa mara ya kwanza hushangaa baiskeli inawezaje kupita pale bila kuteleza. Jibu ni kasi: baiskeli ikienda polepole mno kwenye mwinuko huo huanguka. Baiskeli za uwanjani hazina breki wala gia za kubadilisha, na pedali haziachi kuzunguka maadamu gurudumu linazunguka.

Mbio kubwa za Fachie ni mita 1000 dhidi ya saa, yaani mizunguko minne. Kila tandemu hukimbia peke yake. Gurudumu la nyuma hushikiliwa na lango la kuondokea, saa inahesabu kurudi nyuma, lango linafunguka, na tandemu nzito iliyosimama inatakiwa ifikie kasi kubwa ndani ya nusu mzunguko. Hapo ndipo jozi isiyopatana hujulikana. Mmoja akisukuma kabla ya mwenzake, muda umeshapotea na haurudi. Mizunguko miwili ya kati huenda kama upepo. Mzunguko wa nne ni maumivu matupu, kwa sababu misuli imejaa asidi na hakuna pa kujificha.

Mbio za pili, zile za kasi, huwa na tandemu mbili uwanjani kwa pamoja. Huanza kwa kuviziana kwa mwendo wa pole, kila rubani akigeuza shingo kumtazama mwenzake, kisha ghafla mmoja anashambulia. Aliye nyuma ya rubani haoni lolote la mchezo huo. Anangoja tu mguu wa rubani umwambie kwamba wakati umefika.

Kabla yake: Aileen McGlynn

Fachie hakuwa Mskoti wa kwanza kung'ara kwenye tandemu. Aileen McGlynn wa Paisley, aliyezaliwa 22 Juni 1973, alishinda dhahabu ya mita 1000 huko Athens mwaka 2004 akiwa na rubani Ellen Hunter, na dhahabu mbili huko Beijing mwaka 2008 akiwa na rubani huyohuyo. Yaani katika michezo ile ambayo Fachie alitoka mikono mitupu kwenye riadha, Mskoti mwenzake alikuwa velodromu akichukua medali ambazo yeye alikuwa bado hajaziota. McGlynn alirudi kwenye Paralimpiki ya Tokyo akiwa na miaka 48 na kupata fedha ya mita 1000 pamoja na Helen Scott. Anastahili makala yake mwenyewe.

London 2012

Mnamo 1 Septemba 2012 Fachie na Storey waliondoka langoni katika mita 1000 na kumaliza kwa dakika 1 na sekunde 1.351, rekodi ya dunia, na dhahabu ikawa yao. Storey hakuwa mgeni wa medali: huko Beijing alikuwa ameshinda dhahabu mbili akimwendesha Anthony Kappes. Sasa Kappes alikuwa na rubani mwingine, Craig MacLean, na jozi hiyo ilitazamiwa kuwa mpinzani mkuu. Baiskeli yao ilipata hitilafu mara mbili wakati wa kuanza, wakatoka bila muda wowote.

Siku iliyofuata walikutana uso kwa uso katika fainali ya mbio za kasi. Kappes na MacLean walishinda, Fachie na Storey wakapata fedha. Mtu anaweza kusema kila jozi iliondoka London na kilicho chake.

Fachie alitunukiwa nishani ya MBE baada ya michezo hiyo.

Glasgow 2014

Mwaka 2014 tandemu ziliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na mwenyeji alikuwa Glasgow. Kwa Fachie hii ilikuwa nafasi ya kushindana nyumbani, akivaa rangi za Uskoti, katika velodromu yenye jina la Chris Hoy. Rubani wake safari hii alikuwa Craig MacLean, yuleyule aliyemnyima dhahabu London. MacLean ni Mskoti, na alikuwa katika timu ya Britania iliyopata fedha ya mbio za kasi za timu kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 pamoja na Hoy na Jason Queally. Walishinda dhahabu zote mbili, ya mita 1000 na ya mbio za kasi.

Rio 2016: dakika moja katika miaka minne

Baada ya London, mbio za kasi za tandemu ziliondolewa kwenye ratiba ya Paralimpiki. Uamuzi huo ulikuwa na uzito mkubwa kwa mtu kama Fachie. Mbio ya mita 4000 ya kufukuzana inahitaji mwili wa aina nyingine, hivyo yeye akabaki na shindano moja tu lenye maana kwake. Fikiria: miaka minne ya kuamka asubuhi, kuinua vyuma, kupima chakula, kisha dakika moja. Hakuna raundi ya pili na hakuna mchezo wa marudiano.

Huko Rio, akiwa na rubani Pete Mitchell, dakika hiyo haikutosha. Waholanzi Tristan Bangma na Teun Mulder walikuwa wepesi zaidi, na Fachie akapata fedha. Mulder alikuwa mwendesha baiskeli aliyepata medali ya shaba kwenye Olimpiki ya London, jambo linaloonyesha jinsi nchi zilivyokuwa zimeanza kutafuta marubani wa ngazi ya juu.

Rotherham, Brisbane na Tokyo

Rubani aliyefuata alikuwa Matt Rotherham, na huenda hii ndiyo jozi bora zaidi katika maisha ya Fachie. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Gold Coast mwaka 2018, ambayo mashindano yake ya uwanjani yalifanyika Brisbane, walichukua dhahabu ya mita 1000 na ya mbio za kasi. Fachie akawa amefikisha dhahabu nne kati ya nne katika michezo hiyo miwili.

Michezo ya Tokyo 2020 iliahirishwa kwa mwaka mmoja kutokana na janga la Uviko-19. Mbio za uwanjani zilifanyika katika velodromu ya Izu, na tarehe 28 Agosti 2021 ilikuwa siku ya mita 1000 daraja B. Mpinzani mkuu alikuwa ndani ya timu moja: James Ball, Mwelisi, akiendeshwa na Mskoti Lewis Stewart. Ball na Stewart walimaliza kwa sekunde 59.503, muda ambao ungeshinda dhahabu ya London kwa mbali. Fachie na Rotherham walimaliza kwa sekunde 58.038, rekodi mpya ya dunia.

Tuifanye hesabu kidogo, kwa faida ya wanafunzi. Mita 1000 kwa sekunde 58.038 ni wastani wa kilomita 62 kwa saa, na humo kumehesabiwa zile sekunde za mwanzo ambapo baiskeli ilikuwa imesimama tuli. Ikilinganishwa na London, tofauti ni sekunde 3.313. Kama tandemu ya 2012 na ile ya 2021 zingekimbia pamoja, ya kwanza ingekuwa bado na zaidi ya mita 50 za kwenda wakati ya pili inavuka mstari. Kwa kulinganisha pia, Chris Hoy alishinda dhahabu ya mita 1000 kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004, kwa baiskeli ya mtu mmoja, katika dakika 1 na sekunde 0.711. Tandemu ina miili miwili inayokanyaga lakini hupasua hewa karibu kama mwili mmoja, kwa kuwa wa nyuma amejificha nyuma ya wa mbele. Mbio hizo za mita 1000 ziliondolewa kwenye Olimpiki baada ya Athens. Kwenye Paralimpiki zimebaki.

Siku hiyohiyo, kwa tofauti ya dakika 16 tu, mke wake Lora Fachie alishinda dhahabu ya mita 3000 za kufukuzana pamoja na rubani wake Corrine Hall. Lora, mwenyeji wa Liverpool ambaye jina lake la awali ni Turnham, naye ana ulemavu wa kuona, na alikuwa ameshinda dhahabu ya mbio hizohizo huko Rio. Mume na mke kupata dhahabu za Paralimpiki ndani ya robo saa na dakika moja ni jambo ambalo magazeti ya Britania yaliliandika sana, na kwa haki.

Birmingham 2022

Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2022 ilikuwa ya Birmingham, lakini mbio za uwanjani zilifanyika London, katika velodromu ileile ya mwaka 2012. Marubani walikuwa wamebadilishana. Rotherham, aliyeiendeshea Uskoti miaka minne kabla, sasa alikuwa na James Ball upande wa Welisi. Stewart, aliyepata fedha na Ball huko Tokyo, alikuwa na Fachie upande wa Uskoti. Kwa hiyo kila mmoja kati ya wanne hao alimjua mpinzani wake kwa undani: jinsi anavyoondoka langoni, mahali anapochoka, na anavyopenda kushambulia.

Katika mita 1000 Fachie na Stewart walishinda kwa tofauti ndogo, Ball na Rotherham wakawa wa pili. Katika mbio za kasi mambo yakageuka: Ball na Rotherham dhahabu, Fachie na Stewart fedha. Dhahabu ile ya mita 1000 ilikuwa ya tano kwa Fachie katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Ilimfanya alingane na Alex Marshall, mchezaji wa bowls wa nyasini, aliyekuwa Mskoti mwenye dhahabu nyingi kuliko wote katika historia ya michezo hiyo. Mwandishi wa makala hii anaona hilo linastahili kusemwa waziwazi: rekodi hiyo ni ya wanamichezo wote wa Uskoti, wenye ulemavu na wasio na ulemavu.

Paris 2024

Kwa Paris, Fachie alirudiana na Rotherham. Alikuwa na miaka 40. Ball alikuwa na rubani mpya, Steffan Lloyd, Mwelisi mwenzake. Tarehe 1 Septemba 2024, katika velodromu ya Saint-Quentin-en-Yvelines, Ball na Lloyd walimaliza kwa sekunde 58.964. Fachie na Rotherham walimaliza kwa sekunde 59.312.

Kwa miaka mitatu, tangu Izu, Ball alikuwa amemfukuza Fachie katika mita 1000, na tofauti ya siku hiyo ilikuwa sekunde 0.348 tu. Rekodi ya dunia ya Fachie ya sekunde 58.038 haikuguswa, lakini medali hugawiwa kwa muda wa siku husika. Fedha ya Paris ilikuwa medali yake ya tano ya Paralimpiki, katika Paralimpiki ya nne mfululizo akiwa mwendesha baiskeli, na aliipata akiwa na rubani wa tatu tofauti. Storey alimwendesha London, Mitchell Rio, Rotherham Tokyo na Paris.

Fachie na Lora walioana baada ya michezo ya Rio. Wote wawili wana nishani ya OBE.